Roki Kutoka Kabatini

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Jumamosi asubuhi mtangazaji wa redio atapiga wimbo mmoja mpya wa roki, na huo utakuwa wangu. Lazima! Mpiga besi kaniambia waziwazi: nisiposikika safari hii, anahamia bendi ya Radi. Radi alikuwa mpiga ngoma wangu hadi juzijuzi. Aliondoka na ngoma zote, akasema naimba kama mlango usiotiwa mafuta. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Studio imepatikana: kabati la nguo la Shangazi. Makoti yanameza mwangwi vizuri mno. Shangazi alikuta magauni yake sakafuni na mimi ndani na gitaa, akauliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwa adabu kwamba sanaa inahitaji nafasi. Akaenda jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, akaendelea kuniuliza kutoka huko.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, mume wa dada, kaniazima maikrofoni. Upande mmoja ilikuwa na kialama cheupe, uchafu gani sijui. Nimekikwangua. Inang'aa!

Shemeji anafundisha nadharia za vyombo vya habari chuoni. Kaniachia na kitabu. Nimesoma kurasa sita, nimeelewa yote: chombo hubadilisha kila kinachopita ndani yake. Kwa hiyo msanii akisikiliza alichorekodi, anasikiliza mashine, hajisikilizi mwenyewe. Shemeji anadai kitabu hakisemi hivyo hata kidogo. Yeye kakisoma chote, ndiyo maana kachanganyikiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerekodi! Mara moja tu. Kwenye kiitikio nililia kidogo. Shangazi alikuwa akiosha sufuria ng'ambo ya ukuta na kunilalamikia, sikumjali. Nimetuma bila kusikiliza.

Jumamosi, 8 Machi
Tulikaa sebuleni wote, Shemeji na mpiga besi wakiwemo, redio juu kabisa. Wimbo ukaanza. Shangazi! Sauti yake wazi kama yuko mezani: magauni yake yamegeuzwa matambara, amechoka, amechoka, amechoka! Sufuria zinagongana. Mbali sana, mtu analia kama katumbukia kisimani. Huyo ndiye mimi.

Shemeji akaigeuzageuza maikrofoni, akauliza alama iko wapi. Eti husikia upande mmoja tu, ule wenye alama. Niliimbia mgongo wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mtangazaji kasema hajawahi kusikia roki yenye hasira ya kweli namna hii. Watu wakapiga simu wimbo urudiwe. Mpiga besi akainuka, akapiga magoti mbele ya Shangazi, akamwomba aimbe na bendi ya Radi. Kakubali! Sharti lake moja: mazoezi yasifanyike kabatini. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Machi
Sikati tamaa. Shangazi kaenda mazoezini, kabati ni langu. Nimechora alama mpya kwenye maikrofoni, kubwa, upande uliopendeza zaidi. Nimeimba kuliko siku zote. Taa ya kurekodi haikuwaka, nadhani imechoka. Mtangazaji nimeshamtumia. Kusikiliza kwanza? Kurasa sita nilizisoma za nini?