Mtungi Usiojua Kunyamaza

Jumatatu, 3 Desemba 1973. Mpapura.

Mwalimu wa watu wazima kasema tuandike kila siku. Haya, naandika. Mke wangu Amelia kapanda lori kwenda Magomeni mjini, binti yetu kajifungua. Kaniachia maneno mengi. Jumamosi watu wanakuja kutulimia shamba, nisisahau. Pombe yao apike mdogo wake, shemeji Ermelinda, mimi nisiguse mtungi. Nikaitikia. Nisiguse! Mimi niliyevuka Ruvuma nimekaa mgongoni kwa kiboko, nishindwe na uji wa mtama? Nikaenda kwa Ermelinda nikamwambia apumzike, mwaka huu napika mwenyewe. Kacheka mpaka kashika mlango. Kasema, "Haya shemeji, ikiiva utajuaje?" Nitajua tu. Nimepika. Nimechanganya kimea, unga wa mtama uliochipua. Nimefunika. Kazi ya mtoto!

Jumatano, 5 Desemba.

Mtungi unaongea! Povu limepanda, linapasuka pwa pwa pwa, limesukuma kifuniko. Nikasema imeiva hii, ina nguvu. Jirani Sebastiao akachungulia. Eti bado, pombe inayopiga kelele ni changa. Sebastiao anajua nini? Mbuzi wake mwenyewe hamtambui mpaka alie. Ila kaniachia wasiwasi. Isipoiva Jumamosi, watu watanusa, watabeba majembe warudi kwao. Huku kwetu jembe halinyanyuki bila kata ya pombe. Na mawingu yale si ya mchezo. Mvua ikikuta shamba ni majani matupu, tutapanda wapi? Tutakula nini, hadithi zangu?

Alhamisi, 6 Desemba.

Balaa! Asubuhi mtungi kimya. Nimeweka sikio. Kimya. Povu limezama, unga umelala chini. Imekufa! Kitu kizima kinyamaze kwa nini, kama si njaa? Nimeupa kimea kingine, na sukari ambayo Amelia kaificha kwenye sanduku la kanga. Alasiri umefufuka, pwa pwa pwa. Mganga mimi!

Ijumaa, 7 Desemba.

Sielewi. Asubuhi unaongea, kwa hiyo haijaiva. Mchana umenyamaza, kwa hiyo imekufa. Nimeulisha tena. Sasa inaiva saa ngapi, nikipiga chafya? Nimeonja, tamu. Nimeonja tena, chachu. Mara ya tatu sikumbuki. Mzee Selemani, ambaye pombe hagusi, kapita akitoka msikitini. Kauliza kama bado ni togwa isiyolevya, apoze kiu. Nimemfunulia mtungi aamue! Kanusa mwenyewe. Kasema togwa si togwa, pombe si pombe, na hata walevi nisiwape. Kaenda zake. Nimemcheka sana. Asiyekunywa ataniambia nini?

Jumamosi, 8 Desemba.

Wamekuja wengi, majembe begani. Mtungi unanguruma kama lori linalopanda mlima wa Makonde. Mwenye pombe ndiye anayeanza, watu waone haina sumu. Nikanywa kata nzima, nikajikaza, nikatabasamu. Wakanywa. Sebastiao kanywa mbili, ya pili ya kunikomoa. Wakaingia shambani wanaimba. Tuta la kwanza halijaisha, Sebastiao katupa jembe, kashika tumbo, kakimbilia kwenye mikorosho. Wa pili akamfuata. Kisha wote! Kila mkorosho una mtu, shamba halina hata mmoja. Sebastiao akapaza sauti toka huko: "Mzee Adelino! Tumekuja kukulimia au kukuwekea mbolea?" Nilikuwa na jibu zuri sana. Tatizo na mimi nilikuwa kwenye mkorosho wa pili, nimekunja uso.

Jumapili, 9 Desemba.

Manyunyu yameanza. Shamba liko vilevile. Amelia anarudi kesho kutwa. Nimekwenda kwa Ermelinda na uso wa msiba. Kanieleza polepole kama anaeleza mtoto. Pombe inakula kimea chake, ikishiba inanyamaza yenyewe, povu linazama. Kunyamaza ndiyo kuiva. Kila nikiilisha naianzisha upya, ndiyo maana watu wamekunywa kitu kinachoendelea kuchemkia tumboni. Nikaitikia kila neno. Nikasema kumbe! Kisha kanionyesha mitungi miwili nyuma ya mlango. Kaipika kimyakimya wiki hii hii. Kasema, "Nakujua shemeji, ungewaua watu."

Jumatatu, 10 Desemba.

Watu wamerudi. Wamekuja kwa jina la Ermelinda, si langu, wamenitamkia hivyo mbele ya wajukuu. Mtungi wa kwanza wameumaliza, nusu ya shamba imelimwa, safi. Nusu iliyobaki kesho asubuhi, kabla Amelia hajashuka kwenye lori. Mtungi wa pili tumeuleta kwangu. Ermelinda kaniapisha nisiufunue. Sijaufunua! Nimeinua kifuniko kidogo tu, nichungulie kwa jicho moja.

Maskini. Kimya kabisa. Povu hakuna. Nimeugonga, haujibu. Mambo ya kunyamaza na kuiva yalikuwa ya mtungi ule wa kwanza, huu ni mwingine, tena uko ugenini. Ermelinda ni mjane, jina lake ni pombe yake. Nimwache aaibike mbele ya kijiji kizima, mimi shemeji yake nipo? Nimeumiminia kimea chote kilichobaki, na sukari yote iliyobaki sandukuni.

Haya, sikilizeni. Pwa. Pwa. Pwa pwa pwa.

Kesho atanishukuru.