Wifi, Njoo Uchukue Mashine Yako ya Milango

Nyumbani kwa kaka yako,
Jumanne, baada ya kufagia vumbi mara ya tatu.

Kwako Wifi Mkubwa,

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA MASHINE YA KUCHONGA MILANGO, AU MUME, KWA KUANGALIA KILICHO CHEPESI KUBEBA

Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo. Sisi ni wazima, ila siku hizi hatuonani vizuri kwa sababu kati yetu kuna milango.

Wifi, mimi si mtu wa kushitaki. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijakuandikia neno la kumsema kaka yako, hata mwaka ule alipofuga nyuki kwenye sanduku la televisheni. Lakini ulipofunga karakana yako ukamwachia ile mashine inayoongozwa na kompyuta, ile mnayoiita CNC, ukakaa naye siku tatu ukimfundisha, hukuniuliza. Uliniaga tu, ukasema, "Wifi, hii itamtuliza." Naomba nikueleze ilivyomtuliza.

1. Alianza na jikoni, na sikatai kwamba niliomba mwenyewe. Makabati yalikuwa wazi, kila mgeni akihesabu vikombe vyetu. Kaka yako alichora milango sita kwenye kompyuta, akaifunga bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, mezani kwa skrubu, akashusha kisu mpaka kikagusa kipande cha karatasi ili mashine ijue uso wa bodi uko wapi, akawasha. Kile kichwa kikaanza kutembea chenyewe juu ya bodi, kikichonga fremu na mifereji yake bila kuyumba, na yeye akabaki amesimama mikono nyuma kama mtu anayesikiliza risala. Akaipiga msasa. Kingo akazipaka rangi ya chini mara mbili, maana alisema MDF hunywa rangi kwenye kingo kama mchanga unavyokunywa maji. Mwisho akapuliza rangi ya maziwa. Majirani walikuja kuitazama. Nami nikamsifu. Wifi, hapo ndipo nilipokosea.

2. Alimaliza jikoni akaingia sebuleni. Rafu ya vitabu ikapata milango. Televisheni ikapata miwili. Mita ya umeme ikapata wake. Dirisha dogo la stoo alilifungia mlango kwa ndani, stoo ikawa giza, ikabidi aweke taa, na swichi ya hiyo taa akaiwekea mlango. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeufungia ufa bawaba na kuupa mpini.

3. Milango yote ni rangi moja, mchoro mmoja. Chumvi niliitafuta siku mbili. Ilikuwa nyuma ya mlango ambao nyuma yake kuna mlango. Nilipouliza sababu, alinijibu kwa upole, "Ule wa kwanza ulipungua milimita mbili, mama watoto. Ningeutupa?"

4. Koridoni sasa ipo kumi na moja, imesimama wima kutoka sakafuni hadi darini. Saba ni ya makabati, mmoja wa stoo, na mmoja wa choo, kwa kuwa eti ule wa zamani ulikuwa unaharibu mpangilio. Miwili iliyobaki haifunguki. Nyuma yake ni ukuta. Aliiweka ili nafasi zilingane.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili tulitembelewa na wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu. Mama yake ni mwalimu mkuu. Baba yake ni mpima ardhi mstaafu, mtu mpole, amevaa tai. Binti yetu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Katikati ya mazungumzo yule baba akainuka, akauliza kwa sauti ya chini maliwato yako wapi. Kaka yako akamwambia kwa fahari, "Koridoni, mlango wa tano."

Hakusema wa tano kutoka upande gani.

Tukasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Ukafuata mwingine. Halafu masufuria yakaanguka. Tuliendelea kuzungumzia mvua kwa dakika kumi, hakuna anayethubutu kumtazama mwenzake. Mwishowe binti akaenda kuchungulia, akarudi na kuninong'oneza kwamba baba mkwe yumo kabatini pamoja na ufagio, komeo limejifunga nyuma yake, na anaona aibu kugonga. Tulipomfungulia alitoka na utando wa buibui begani, akaikung'uta tai yake, akasema, "Samahani, hizi kingo mmezikata kwa mkono?"

Kaka yako akampeleka kwenye karakana yake ya uani. Hawakurudi kwa saa tatu. Mimi na mwalimu mkuu tulimaliza mambo yote ya harusi kwa kikombe kimoja cha chai, maana hapakuwa na wa kutupinga, kisha tukakaa tunasikiliza mashine ikilia ng'ambo ya ua na wanaume wawili wazima wakicheka. Walirudi wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Mgeni alikuwa na mlango kwapani. Alisema hajui ataufunga wapi, lakini hilo lisitusumbue, ataujengea kitu.

6. Jana mwalimu mkuu alinipigia simu. Mumewe ametoa vyombo vyake vya upimaji kwenye mkoba aliostaafu nao, amepima nyumba yao yote, na sasa yuko kwa jirani.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje Jumamosi na gari uichukue mashine na kompyuta yake kabla ukoo wa pili haujaisha. Kaka yako nitamtoa nyumbani kwa kisingizio. Ukishindwa, basi nichukue mimi. Nitahitaji chumba kimoja tu, chenye mlango mmoja.

Nisalimie mwenzio, watoto, na kila anayeingia hapo kwenu bila kupotea.

Ni mimi, niliyebakiwa na subira ya kujaza kijiko,
Mke wa kaka yako.

Nyongeza: Barua nimekaa nayo, leo ni Alhamisi. Juzi nilikwenda karakanani kupima kama mashine itapita pale pa kutokea. Kaka yako akanikuta na futi mkononi, akafurahi mno. Akaniuliza kabati la nguo la binti, la nyumba yake mpya, lichongwe nini. Nikamjibu kwa hasira, "Majani, na ndege, na jina lake, kama mashine yako inaweza." Akanipisha kitini, mbele ya kompyuta. Wifi, inaweza. Ndege wa kwanza ametoka vizuri. Wa pili mkia ulinitoa jasho, lakini nimeupata leo asubuhi, na mwalimu mkuu yuko hapa ananisaidia kwenye mabawa. Jumamosi usije na gari tupu. Njoo na bodi nane za MDF, za milimita kumi na nane, na ukifika usihangaike kubisha hodi, hatutakusikia.