Sugu ya baba mkwe niliyoifuta nikidhani ni doa

Nimeadhirika leo. Mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, na sinia la pilau mikononi, sina hata mkono wa kuziba uso. Naandika nikiwa jikoni, mlango nimeufunga, na kwa hasira nilizonazo masufuria nimeyasugua mara mbili.

Nianze mwanzo. Mimi nafanya kazi steshenari hapa Dunda. Picha za pasipoti, fotokopi, na kusafisha picha za zamani kwenye kompyuta. (Kwa hiyo hamna wa kunitetea kwamba sikujua. Ndiyo kazi yangu.)

Mama mkwe ana picha moja tu ya marehemu mumewe. Mzee hakupenda kabisa kupigwa picha. Hii ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, alipigwa studio kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Mpiga picha akaweka taa upande mmoja, basi nusu ya uso inaonekana na nusu imemezwa na giza, kama mtu anayechungulia mlangoni. Unyevu wa kabatini nao ukaitia madoa. Leo ilikuwa hitima ya mzee, na mama alitaka picha kubwa ya fremu, aitundike sebuleni wageni wakiwa wanakula. Akanipa mimi kazi hiyo. Miaka mitatu nipo kwenye nyumba hii, hajawahi kuniachia hata ufunguo wa kabati la vikombe, leo kaniachia mumewe. Juzi nikaiskani, nikamrudishia yake salama.

Asubuhi nafika kazini, umeme hakuna. Ndani giza na joto, Nasra wangu wa miezi mitano analia. Nikachukua laptopu ya ofisi, ilikuwa na chaji, nikakaa nayo kibarazani. Mtoto ziwani, mkono mmoja kwenye kazi, jua linapiga kioo moja kwa moja. Naitazama picha, naona giza. Naongeza mwanga. Bado giza. Naongeza tena. (Giza lilikuwa la jua kwenye kioo. Mzee wa watu alishapata mwanga wa kumtosha mara ya kwanza. Na mimi ndiye huwa nawaambia wenzangu wasifanyie kazi juani.)

Nikahamia kwenye madoa. Hapo unachota ngozi safi ya jirani, unaibandika juu ya doa. La shavuni, kwisha. La kidevuni, kwisha. Katikati ya paji la uso kulikuwa na moja kubwa, jeusi, la mviringo. Hilo nililikamia. Nikalitoa mpaka pakawa laini kama paji la Nasra. Kumbukeni mimi mzee sikumkuta, alifariki kabla sijaolewa.

Lakini sikuwa mjinga moja kwa moja. Nikamtumia picha Shabani, mume wangu, kwenye simu. Alikuwa Msata, kaenda kumpokea Ba' mkubwa, kaka wa marehemu, aliyeshuka pale na basi akitokea Pangani. Nikamwandikia: "Mwangalie baba vizuri. Kuna nilipoharibu?" Dakika haikuisha, jibu hilo hapo: "Iko poa sana mke wangu." Na kidole gumba juu.

Umeme ukarudi, nikachapa. Ikatoka nyeupe kidogo. Nikajiambia, fremu nyeusi itaituliza. (Fremu haitulizi kitu.) Muda hakuna, nyumbani wageni wameanza kuingia.

Hitima ikasomwa. Pilau ikapakuliwa. Fremu iko ukutani, imefunikwa kanga, na mimi kila nikipita na sinia naiangalia ile kanga kama nasubiri matokeo ya mtihani. Mama akainuka, akaivuta.

Ba' mkubwa akavaa miwani, akasogea. Akaivua, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Huyu nani?"

"Ndugu yako," mama akasema.

"Ndugu yangu alikuwa mweusi. Huyu kashushwa na meli gani?"

Shangazi Zuhura, dada wa marehemu, mtu ambaye toka nimjue hajawahi kukosa la kusema, akadakia. "Na hiyo bandeji kichwani? Aliumia lini, sisi tusiambiwe?"

"Si bandeji, shangazi," nikasema. "Ni kofia."

"Kofia isiyo na viua?"

Ndipo nikaitazama picha ile kwa macho ya mtu mwingine. Kofia ya kushona kwa mkono, vile vitundu vyake vilivyopangwa kama maua, mwanga wangu umevimeza vyote. Kichwa cheupe pe, kama katoka hospitali sasa hivi.

Ba' mkubwa akanyoosha kidole kwenye paji la uso. "Na sugu yake ya sijida iko wapi?"

Lile doa. Mzee kasujudu maisha yake yote mpaka paji likaota sugu, na mimi nimemziba kwa ngozi ya shavu.

Mtu mmoja mlangoni akasema taratibu, "Tumrehemu na huyu pia, ni Muislamu mwenzetu."

Wakacheka. Wazee, watoto, mpaka wapishi waliokuwa uani. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole juu ya kioo, pale palipokuwa na viua, kama anatafuta ncha ya uzi.

"Kofia hii niliishona mimi," akasema. "Nimeposwa, naishona kwa kujificha, aje aivae siku ya harusi."

Nikasahau kama nimeshika sinia, mnofu ukadondoka mkekani.

"Mama, nitairudia. Ile niliyoiskani sijaigusa, ipo."

"Utairudia. Kesho nakuja huko kazini kwako. Nasra nitampakata mimi, na wewe utakaa ndani, siyo juani. Viua nitakuhesabia, nakijua kimoja kimoja. Na sugu ile, mwanangu, mwenzio kaitafuta miaka, wewe umeitoa kwa kidole. Uirudishe kwa adabu."

Mwanangu. Toka niolewe nilikuwa nalisubiri neno hilo, nikalipata siku ambayo siwezi kumtazama usoni.

Nikakimbilia jikoni. Simu ikalia. Shabani, yuko nje chini ya turubai, hatua kumi na tano kutoka nilipo. Ndiyo kwanza anaifungua picha ya asubuhi. (Alikuwa anabana bando. Aliniambia iko poa bila kuiona.)

Kaandika: "Mke wangu, huyu mgonjwa ni nani?"

Pilau yake nimempa paka. Na nyie mnaotaka kucheka, chekeni kwa sauti ya chini. Nasra ndiyo kwanza kalala.