Mama Mkwe, Mkurugenzi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwaliko umefika! Mteja wangu wa ng'ambo anataka tuonane ana kwa ana, ndipo anipe kazi ya mwaka mzima: kuchora lebo za shampuu zake zote. Mimi huyu, ninayechorea juu ya meza ya kupigia pasi! Imebaki viza ya biashara tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, kasema hakuna ubalozi utakaompa viza mtu asiye na mwajiri, anayeshinda na pajama. Wivu tu huo.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kashauri niseme ukweli, kwamba nimejiajiri. Ukweli! Nani kapata viza kwa ukweli? Nimeunda kampuni, nikajiandikia barua ya ruhusa, nikajisifu kwa kiasi. Kasoro mkurugenzi. Nimemwangukia mama mkwe. Kakubali, ila kauliza mkurugenzi anakaa wapi. Nimempisha meza ya pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Makubwa! Mama mkwe kauliza kwa nini nimeripoti saa nne. Nikacheka. Kanipa onyo la maandishi. Shemeji kaajiriwa kuwa msimamizi wangu, na kaanza na pajama: marufuku. Nachorea sakafuni, na tai shingoni.

Jumanne, 11 Machi
Ubalozini. Afisa kasoma barua, kampigia mkurugenzi papo hapo, simu kaiweka spika. Mama mkwe kasema ananijua sana: mchelewaji, mbishi, na ruhusa hiyo hajanipa yeye, sahihi nimeghushi. Kisha kanifukuza kazi. Wote dirishani wamesikia!
Ikabidi nikiri kwamba kampuni ni mimi. Afisa kashika kichwa. Waliojiajiri wanaomba kila siku, kasema. Mwaliko wa mteja na ankara zangu vingetosha. Nilikuwa navyo kwenye begi! Sasa kanikatalia kwa kosa la kudanganya. Niombe upya, kwa ukweli mtupu, kabla mteja hajatafuta mchoraji mwingine. Nimerudi nyumbani nikitaka kulia.

Jumatano, 12 Machi
Nimetafakari. Ukweli mtupu? Haya! Ukweli ni kwamba sina kazi. Basi nimeomba nafasi iliyo wazi kwenye kampuni yangu. Mama mkwe kaniita kwenye usaili Ijumaa, shemeji ndiye atakayeniuliza maswali. Wanataka barua ya mwajiri wangu wa zamani.
Hilo dogo. Nimeshaiandika. Mke wangu atapokea simu.