Kadi Tupu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Katika ukoo wetu, na wa jirani tukiuazima, hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha kwa sababu walimu walishaishiwa. Sasa naosha chupa katika maabara ya Shangazi, anayetengeneza plastiki ya ajabu: taa kubwa ya zambarau inaichora, joto linaifuta, na picha huioni mpaka umulike kwa tochi ya zambarau. Kadi za kuingilia chumba cha juu ni za plastiki hiyo. Miwani, msaidizi wake, anayo. Mimi sina! Shangazi kasema nikitulia hadi Ijumaa, wageni wanapokuja kuikagua kazi yake, ataona. Miwani kasema wageni nitawachungulia kwenye tundu la ufunguo. Haya!

Jumanne, 4 Machi
Nimevunja chupa mbili. Ndogo. Nimemsingizia paka. Hatuna paka.

Jumatano, 5 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Droo ya Shangazi wazi, ndani kadi tupu, nyeupe pee. Nikaiazima. Kwa shangazi yako huibi, unaazima. Nyumbani nikaipiga pasi, isije ikawa na mabaki ya sura ya mtu. Bibi akauliza ni ugonjwa gani huu, mimi kushika pasi bila kufokewa.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kaenda chai. Mimi huyoo! Filamu ya picha yangu juu ya kadi, taa kubwa, tayari. Nikamulika tochi: nang'aa kijani, mzuri kuliko nilivyo. Na hilo si jambo dogo.

Ijumaa, 7 Machi
Kadi kifuani, nikazunguka njia ndefu, saluni, kwa fundi viatu, kila mtu anione. Jua la kupasua kichwa. Mlangoni mlinzi akamulika mbele ya wageni. Kadi nzima ikawaka kijani, sura hamna! Jua nalo lina mwanga ule ule wa taa kubwa. Limechora kila mahali. Mlinzi akauliza kama mimi ni taa ya barabarani. Miwani alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Shangazi hakutetereka. Akawaambia wageni: mnaona, kadi ikichukuliwa kabla sijaipaka kinga ya jua, inajishtaki yenyewe. Wakapiga makofi! Kazi yake imepita. Kwa sababu yangu, ingawa hakuna aliyelisema hilo.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kanimiminia chai, akasema ile kadi haikuwa tupu. Jumanne jioni alishachora sura yangu, anivishe mwenyewe mbele ya wageni. Nikauliza, na zile chupa je? Akasema hata yule paka alishamsamehe, mwanangu. Atanichorea nyingine nikitulia mwezi mzima.

Mwezi mzima! Na koti la Miwani linaning'inia nyuma ya mlango, kadi mfukoni. Safari hii nitapita kivulini. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Ila moja, sawa, nakiri: sura niliyoifuta kwa pasi ilikuwa yangu.