Skrubu Leo, Jino Januari

Jumatatu, 2 Septemba

Pengo siku ya tatu. Meno mawili ya mbele, ya juu, yamekwenda. Chanzo: pazia. Miaka ishirini na sita nauza vitambaa vya mapazia hapa Mtaa wa Aggrey, na miaka yote naanza kuchana kitambaa kwa meno, kama alivyofanya baba yangu. Ijumaa mteja akataka mita nne za kitambaa kipya cha Kichina. Nikang'ata ukingo, nikavuta. Kitambaa kikabaki kizima. Na mteja hakununua! Alisema kina damu.

Ningevumilia, lakini Jumapili tunakwenda kumposea Asad, mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka aliponishika mkono pale hospitali aliniomba jambo moja tu: siku ya kumwombea mwanawe mke, niseme mimi. Nikaahidi. Sasa nitasema vipi, kila neno likitoka na upepo?

Khalfani, binamu yangu, muuza udi duka la tatu kutoka langu, amekuja kunipa pole. Pole gani ile! Kaniita kibogoyo mbele ya wateja, kisha akasema nisijali, Jumapili atasema yeye. Ana meno thelathini na mawili na anataka dunia nzima iyahesabu.

Jumanne, 3 Septemba

Kliniki, karibu na Mnazi Mmoja. Daktari Ghada, binti mdogo, baba yake namjua. Ameniamkia shikamoo kwa adabu. Adabu ikaishia hapo. Nimemweleza nataka meno ya kupandikiza, yale yanayofungwa kwenye mfupa wa taya, mtu havui hata akilala, na nayataka kabla ya Jumapili. Akacheka! Akasema skrubu inaingia leo, kisha mfupa unaikamata polepole, miezi minne, ndipo jino linakaa juu yake.

Skrubu leo, jino Januari! Nikamwambia hapa Kariakoo kontena linatoka bandarini asubuhi, jioni mzigo uko dukani. Akanijibu kwamba mfupa hauna wakala wa forodha. Watoto wa siku hizi wana midomo.

Nimekubali, ningefanyaje? Sindano ya ganzi, kisha sauti kama ya karakana ya seremala, ndani ya kichwa changu mwenyewe. Skrubu mbili. Masharti: uji na mtori, hakuna cha moto, hakuna kigumu, nisiweke kitu chochote juu ya kidonda. Meno ya muda, ya sura tu na si ya kulia, atanipa Jumatano ijayo kidonda kikiwa kizuri. Jumatano! Wakati posa ni Jumapili!

Alhamisi, 5 Septemba

Uji. Tena uji. Azza, mke wangu, amesema nimwachie Khalfani aseme, mradi mtoto apate mke. Asad naye kaja, mpole kama kawaida yake, akaniambia Ami, ukiwepo tu inanitosha. Nilitokwa na machozi. Baadaye nikatafakari, nikapandwa na hasira. Yaani hata yeye anamtaka Khalfani!

Na hawajui tunakabiliana na nani. Binti anaitwa Anfal, hana neno, ila ami yake ni Mzee Abdulhamid. Huyo amekwisharudisha wachumba watatu. Anasubiri mpaka kila mtu ameridhika, kisha anauliza swali moja, na posa inakufa palepale.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda Ilala kwa fundi meno. Si daktari, fundi. Ana chupa nzima ya meno, unachagua. Amenipimia kwa jicho! Dakika arobaini nikatoka na meno mawili juu ya kipande cha ufizi wa plastiki, ukubwa wa kokwa ya tende. Yanashikwa na unga maalumu. Kaapa kwamba yatakaa mpaka kiyama. Ona sasa, Daktari Ghada na miezi yako minne!

Azza kayatazama akaniuliza yako mangapi, maana yeye anaona manne. Wivu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimezungumza. Wallahi nimezungumza! Sebuleni kwa Mzee Abdulhamid, mtaa wa Gerezani, wanaume kumi na wawili juu ya zulia. Nikamsifu binti, nikamsifu kijana, nikamtaja marehemu kaka mpaka watu wakashika leso. Khalfani pembeni, kafunga mdomo. Nilitamani kaka anione.

Kisha ikaletwa kahawa. Na halua. Hapo ndipo nilipokuwa sina ujanja. Ukienda nyumba ya watu kuomba binti, ukakataa kahawa na halua yao, umewatukana. Nikanywa. Kahawa ya moto, na ule unga nikausikia unalainika. Nikachota halua kwa vidole. Ilikuwa bado ya moto, inavutika: mwisho mmoja mdomoni mwangu, mwisho mwingine siniani. Nikavuta. Nayo ikavuta. Ikashinda.

Meno yangu yakarudi siniani! Yakazama nusu, yakabaki yanang'aa.

Kabla sijanyoosha mkono, Khalfani, kwa ule unafiki wake wa adabu, akaligeuza sinia ili mwenyeji apate upande mzuri. Akamwonyesha kwa kidole kwamba pale kuna lozi nzima. Wakati huo Mzee alikuwa ameshasema kwamba kabla ya Fatiha ana swali moja dogo. Asad akabadilika rangi. Mzee akachota lozi yake, akatia mdomoni, akatafuna.

Kruu!

Akaacha kutafuna. Mzee Abdulhamid huvaa meno ya bandia juu na chini, Kariakoo yote inajua. Nikamwona anapapasa kwa ulimi. Akainua leso, akatema ndani yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Akatazama juu, akatazama chini. Swali halikuja. Badala yake akainua mikono miwili, mdomo kaufunga, na wote tukainua. Fatiha ikasomwa. Posa imekubaliwa!

Lakini shukrani nani atoe, na mimi mdomo nimeubana kwa mkono? Khalfani! Dakika ishirini, meno yote nje. Mlangoni watu wamempongeza yeye, wamemkumbatia yeye. Na mimi niliyetoa meno yangu kwa ajili ya posa hii?

Jumanne, 10 Septemba

Balaa. Asad anasema Mzee kapeleka meno yake yakakaguliwe, yamekutwa kamili. Sasa anawatembelea wote waliokaa kwenye lile sinia, mmoja mmoja. Anawatolea mzaha, wakicheka anawachungulia mdomoni. Jana Khalfani kamchekea nusu saa.

Saa nne leo nikamwona anakuja na bakora yake. Nikajificha nyuma ya mapazia ya maonyesho. Akaingia, akasimama, akavisalimia viatu vyangu. Assalamu alaykum, Hamud. Nikajibu kwa kikohozi. Akaondoka.

Asad hali chakula. Anaogopa Mzee atasema tulimtia uchafu mdomoni kwa makusudi, na binti atarudishwa ndani. Azza kanikalia kichwani: mficha maradhi kifo humfichua, nenda ukaseme mwenyewe. Amesema pia kwamba kaka aliniachia mtoto, hakuniachia jukwaa. Hilo lilinichoma.

Jumatano, 11 Septemba

Asubuhi kliniki. Daktari Ghada kaona kidonda kimekuwa chekundu, kauliza nimekula nini, nikasema uji. Kaniambia hakuna meno ya muda mpaka wiki tatu zipite, na nikiendelea hivi skrubu zitang'oka zenyewe. Ananisema kana kwamba mimi ndiye mtoto!

Adhuhuri nikaenda Gerezani. Nikaungama yote, pengo wazi, upepo kila neno. Mzee akatoa leso. Meno yangu, kayaosha! Akanirudishia. Akacheka mpaka yake yakamtoka, akayadaka, akacheka tena bila hayo. Halafu akayarudisha mdomoni yake, akaniambia ukweli. Alikuwa amekusudia kuuliza kijana atamlaza binti wapi, kwa sababu alijua Asad analala kwenye stoo yangu ya vitambaa. Angekataa. Lakini Fatiha ikishasomwa, kasema, haitenguliwi na meno ya mtu. Nimtafutie tu kijana chumba, nifuate masharti ya daktari, na siku ya nikahi nikae kimya nile laini. Nikambusu mkono. Nimelia njia nzima mpaka Msimbazi. Nimeapa: sirudii ujanja maishani mwangu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nikahi ni Ijumaa ijayo. Na nani atawashukuru wageni kwa niaba ya upande wetu? Khalfani! Eti wamekubaliana. Nani kawakubalia? Kaka alimshika mkono Khalfani? Chumba cha Asad nimemtafutia mimi, kodi nimelipa mimi, na maikrofoni ashike muuza udi!

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Meno hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ule unga. Fundi viatu wa Mtaa wa Sikukuu ana gundi inayoshika soli za wapagazi wa sokoni, masika yote hazibanduki. Nimenunua kopo dogo. Mtu mwenye akili hangoji siku yenyewe, anajaribu kwanza. Kwa hiyo baada ya Alasiri nimejifungia bafuni, nimepaka, nimebandika, nimebana kama fundi viatu alivyonielekeza: nisifungue mdomo dakika ishirini.

Azza anagonga mlango. Anasema Daktari Ghada yuko kwenye simu, anataka kujua naendeleaje. Simjibu. Si kiburi. Dakika ishirini zimepita muda mrefu na mdomo haufunguki, si juu wala chini. Lakini nimejitazama kwenye kioo, nimeinua mdomo wa juu kwa kidole. Meno yamekaa barabara! Khalfani ataona.