Mtamba Mweupe wa Helena

Jumatatu, 9 Juni

Mtafiti kafika Balangdalalu. Anaitwa Violeth, katoka chuo, anauliza mambo ya wanawake: nani anamiliki nini, nani anaamua. Nikamwambia asijisumbue. Wanawake wa huku hawana mkutano wala sauti, aniulize mimi, diwani mtarajiwa. Akashukuru, akasema atazungumza na mke wangu. Peke yake. Ndani ya boma langu! Eti ndio utaratibu.

Hii ni hatari. Jirani yangu Bura nimeshamwahidi mtamba mweupe wa mke wangu Helena, naye anipe pikipiki. Diwani hatembei kwa miguu. Helena sijamwambia. Mtamba alipewa na baba yake siku ya harusi, basi anajiona tajiri.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nilimfundisha Helena majibu. Mifugo ni ya nani? Ya mume. Akakubali haraka mno, nikashuku. Nikajibanza kwenye banda la ndama, ukuta mmoja na chumba chake. Nikamsikia akisema mtamba mweupe ni wake, na mume akimgusa mtamba huyo, wanawake watakaa kikao. Violeth akauliza wanawake gani. Akajibu wote.

Wote! Hapo ndama akaanza kuninyonya sikio, nikapiga ukelele. Nimeaibishwa mbele ya msomi, tena na ndama wangu mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Alfajiri nimemswaga mtamba hadi kwa Bura. Njiani nikakutana na mama yake Bura kabeba kuni, akauliza mtamba ni wa nani. Nikasema wangu. Kikongwe yule haoni vizuri, hana madhara. Nimerudi na pikipiki. Breki hazishiki, lakini mimi nina haraka.

Ijumaa, 13 Juni

Tangu jana wanawake kama sitini wamekaa kwenye majani nje ya boma langu, na fimbo zao, wanaimba. Anayeongoza ni mama yangu mzazi. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Hukumu yao: mtamba arudi, na nitoe dume langu jeusi. Makosa mawili, kugawa mali ya mke na kujificha kusikiliza maneno ya wanawake.

Nikakimbilia kwa wazee wanaume. Wakatazama chini, wakasema lipa, wanawake wakilaani sisi hatuna dawa. Rafiki yangu Gidahosh ndiye aliyelifunga dume kamba. Rafiki!

Kisha Violeth akaja na daftari. Akauliza lile jibu langu la Jumatatu, kwamba wanawake hawana mkutano, aliache au alifute. Nilikuwa nalitazama dume likienda.

Jumapili, 15 Juni

Dume limeliwa. Hata mchuzi sikuonjeshwa. Mtamba yupo zizini, Bura kachukua pikipiki yake. Huu ni uonevu, na siku nikiwa diwani nitausema. Helena kaniuliza kama nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa kabisa.

Na kweli nimeelewa. Bura anasema pikipiki bado ipo, atakubali mbuzi wanane. Helena ana tisa, alipewa na shangazi yake. Hukumu niliisikiliza vizuri, mwanzo hadi mwisho. Walitaja mtamba tu. Mbuzi hawakutajwa.